Hongo ya Ugogo na Sinema za Kauboi

Sinema za kauboi zimerudi, ila safari hii zimepita mlango wa nyuma. Zamani ulizifuata kwenye jumba la sinema mjini. Baadaye zikaja kwenye kanda za video, tukabanana kwenye vibanda umiza, joto lote lile, kumwangalia stelingi ambaye kila mtu alijua hafi. Leo makampuni ya Hollywood yamefungua maghala yao. Filamu za miaka ya 1930 hadi 1960 zimesafishwa picha na sauti, zikawekwa mtandaoni, na mwanafunzi wa hapa Kikuyu, Dodoma, akiwa na bando anaweza kulala kitandani akatazama kazi iliyotengenezwa kabla bibi yake hajazaliwa.

Wengi wanaziona kama burudani ya watu wa mbali: farasi, bastola, vumbi la Arizona. Mimi nataka kuzungumzia filamu moja ya kundi hilo ambayo vumbi lake ni letu. Inaitwa *Stanley and Livingstone*, ilitoka mwaka 1939, mwongozaji Henry King, stelingi Spencer Tracy. Njia ambayo Stanley wa kweli alipita mwaka 1871 ilipasua katikati ya Ugogo: Mpwapwa, nyika kavu ya Marenga Makali, Mvumi, Kanyenye, kisha Tabora na Ujiji. Kwa hiyo hii si filamu ya wageni tu. Ni filamu inayodai kusimulia kilichotokea njiani kwetu, na jambo kubwa kuliko yote lililotokea njiani kwetu imeliacha.

Kwanza tuielewe filamu yenyewe. Mwaka huohuo wa 1939 Henry King alitoa *Jesse James*, sinema ya jambazi mpanda farasi. Mwaka huohuo pia John Ford alitoa *Stagecoach*, iliyomfanya John Wayne kuwa nyota. Sasa tazama *Stanley and Livingstone* inavyoanza. Haianzii Zanzibar wala Bagamoyo. Inaanzia Magharibi ya Marekani, kwenye nchi ya wale walioitwa Wahindi Wekundu, na Stanley akiwa na mwenzake, mzee wa porini aitwaye Jeff Slocum, ambaye amechezwa na Walter Brennan. Slocum huyo anamfuata Stanley mpaka Afrika. Yaani kauboi amehamishwa na vifaa vyake vyote. Na msafara unapofika bara, wenyeji wanafanya kile wanachofanya kwenye sinema za kauboi: wanatokea vichakani kwa wingi, hawana majina, hawana sababu, wanashambulia. Kwenye *Stagecoach* Waapache wanakimbiza gari la farasi jangwani bila mtu kutuambia wanadai nini. Huku kwetu ni mkuki badala ya upinde, basi.

Slocum hakuwahi kuwepo. Mtu wa kweli aliyekuwa nahodha wa msafara wa Stanley ni Mbarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akapata uhuru wake na kurudi. Alikwishasafiri na Burton na Speke kati ya 1857 na 1859, akaenda tena na Speke na Grant, na baada ya Stanley akavuka bara zima na Cameron. Kama kuna mtu wa karne ile anayestahili filamu, ni huyo. Hata wimbo wa kanisani ambao Livingstone anawaongoza wanakijiji kuuimba kwenye filamu una kasoro yake: tuni hiyo ilitungwa Uingereza mwaka 1871, wakati Livingstone alikuwa ameondoka huko tangu 1865. Kosa kama hilo la tuni linasameheka. Sinema ni sinema.

Ila lile walilotufanyia Ugogo ni la aina nyingine.

Msafara wa Stanley ulikuwa na watu wapatao 190, walioondoka Bagamoyo kwa mafungu, wengi wao wapagazi. Mwishoni mwa Mei 1871 aliingia Ugogo. Hakuingia peke yake. Aliungana na misafara ya Waarabu, akiwemo Sheikh Thani, mzee aliyeijua njia na bei zake. Kwa sababu Ugogo palikuwa na bei. Kila mtemi uliyepita kwake ulimlipa hongo. Ulipiga kambi, ukatuma watu, mtemi akataja kiwango chake, mkavutana, mkapunguziana, mkakubaliana, kisha njia ikafunguliwa. Malipo yalikuwa nguo kwa hesabu ya doti, shanga na nyaya.

Stanley alilalamika sana. Alikerwa na viwango, alikerwa na umati uliokuwa ukimfuata kumshangaa. Lakini alilipa, akapita. Ugogo mwaka ule haukupigana naye. Ukisoma kitabu chake cha 1872, sura za Ugogo kwa sehemu kubwa ni habari za majadiliano: nani katumwa kwa nani, doti ngapi zimekataliwa, ngapi zimeongezwa. Ni habari za watu wenye serikali.

Hongo ilikuwa na mantiki yake. Nchi hii ni kavu. Anayeishi hapa anajua kisima si kitu cha kuokota. Kimechimbwa na mtu, kinalindwa na mtu, na kiangazi kikikaza kinagombewa. Msafara wa mamia ya watu ukikaa siku mbili unakunywa maji ya kijiji kizima na kununua nafaka ambayo ingevusha watu kwenye njaa. Mtemi aliyetoza hongo alikuwa anauza maji, usalama na ruhusa. Leo lori la alizeti likisimama getini na kulipa ushuru wa mazao wa halmashauri, dereva atanung'unika, pengine atatukana, lakini hakuna atakayeandika kwamba amevamiwa na washenzi.

Tusiipambe pia. Watemi wengine walipandisha bei kupita kiasi walipoona msafara umechoka na hauna pa kukimbilia. Na baadhi ya misafara iliyolipa hongo ilikuwa imebeba pembe na kuswaga watumwa, kwa hiyo mali ya njia ile haikuwa safi. Lakini sheria mbaya au ngumu bado ni sheria. Filamu imeiondoa sheria ikabakisha mikuki. Ukishamwondolea mtu sheria yake, kumpiga kunaonekana ni kujitetea.

Hapa nikiri kwamba Hollywood haikubuni mambo kutoka hewani. Stanley mwenyewe, kabla ya kuja Afrika, alikuwa mwandishi wa habari kwenye Magharibi ya Marekani. Mwaka 1867 alifuatana na kampeni ya Jenerali Hancock, kisha na tume ya amani iliyokwenda Medicine Lodge, Kansas, ambako mikataba ilisainiwa na Wakiowa, Wakomanchi, Wacheyenne na Waarapaho. Alishuhudia watu wenye nchi wakikaa kwenye mazungumzo na serikali. Sinema za kauboi zilizokuja baadaye zilichukua vita, na mikataba wakaiacha. Kwa hiyo mtu wa Ugogo na Mkomanchi wamefanyiwa jambo lilelile kwenye kitambaa cha sinema: wote wawili walikuwa na utaratibu wa kupitisha wageni, na wote wawili wameonyeshwa kama kizuizi barabarani.

Mtu anaweza kusema, ni hadithi tu, ina ubaya gani? Tuangalie kilichofuata. Mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters alipita Ugogo. Yeye hakutaka kulipa. Alipambana na watu wa mtemi Makenge, akachoma vijiji, akachukua ng'ombe, kisha akaandika kitabu na kujisifia. Miaka michache baadaye aliachishwa kazi na serikali yake kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Lakini mwaka 1941, chini ya utawala wa Hitler, alitengenezewa filamu yenye jina lake, nyota akiwa Hans Albers, wakamfanya shujaa. Mkoloni alipokwisha kukaa, haki ya watemi kutoza wapitaji ilikufa, na kuanzia 1898 Wajerumani wakaleta kodi ya kibanda. Aliyekuwa akimtoza mgeni kwa kupita kwenye ardhi yake sasa akatozwa yeye kwa kulala kwenye nyumba yake.

Na neno lenyewe limeanguka. Sema "hongo" leo mjini Dodoma, makao makuu ya serikali, kila mtu atafikiria bahasha chini ya meza. Sisemi sinema ndiyo iliyolibadilisha. Maneno yana safari zake. Lakini taifa linalolikumbuka neno kwa maana ya rushwa tu limesahau kwamba liliwahi kuwa jina la ushuru halali. Kisha linashangaa watoto wake wakiamini kwamba serikali ililetwa na meli.

Hollywood ilikuja tena kwetu, safari hii kwa miguu yake. John Ford alikuja Afrika Mashariki kupiga *Mogambo*, iliyotoka 1953, akiwa na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Jina ambalo Mtanzania akilisikia anawakumbuka mgambo wanaofukuza wamachinga. Kisha Howard Hawks, aliyetengeneza *Rio Bravo*, akamleta John Wayne Momella, chini ya Mlima Meru, mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, kupiga *Hatari!*. Ni kauboi mtupu: badala ya farasi kuna magari, badala ya ng'ombe kuna vifaru na twiga wanaokamatwa kwa kamba ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama ng'ambo. Inachekesha, ina muziki mzuri wa Henry Mancini, na mandhari yake yanakufanya usahau kupepesa macho. Lakini ilipokuwa ikipigwa, Tanganyika ilikuwa miezi michache tu kabla ya uhuru. Septemba 1961 Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori, akisema kuwatunza wanyama hao ni jukumu letu. Kwenye filamu hakuna anayemwomba mwenyeji ruhusa ya kumchukua hata swala mmoja. Hongo haipo.

Je, tuzisusie? Hapana. Mimi natazama, na nitaendelea. Spencer Tracy ni mwigizaji mkubwa, na *Stagecoach* ni somo zima la jinsi ya kupeleka hadithi mbio bila kumpoteza mtazamaji. Ninachotaka ni zilipe.

Wapo waliowahi kuzitoza. Kwenye kanda za video za Dar es Salaam, Lufufu alikuwa akizitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake juu ya sauti ya filamu, akieleza, akitania, akiongeza yake, mpaka stelingi wa Marekani au China anaonekana anaishi Temeke. Wasomi wengine waliona vurugu. Mimi naona mtu aliyesimama njiani akaiambia filamu: hupiti hivihivi. Tatizo la kutazama peke yako kwenye simu ni kwamba filamu inapita bila kukutana na mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo mtoze wewe mwenyewe. Ukimaliza *Stanley and Livingstone*, fungua kitabu cha Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kilichotoka 1954, miaka kumi na mitano tu baada ya filamu. Kimeandikwa kwa Kiswahili, na Mgogo, na ndani yake watu wana majina, koo na watemi. Kama uko Kikuyu, jiulize kwa nini eneo kilipo Chuo Kikuu cha St. John's wenyeji bado wanalitaja kwa jina la Mazengo. Ilikuwa Shule ya Sekondari Mazengo, na jina ni la mtemi wa Mvumi, palepale ambapo misafara ilisimama ikahesabu doti.

Jambo la mwisho. Nguo iliyothaminiwa kwenye hongo ile iliitwa merikani, kwa sababu ilitoka kwenye viwanda vya Marekani. Mzigo wa kwanza wa Marekani uliofika Ugogo ulifika hivyo, begani mwa mpagazi, na ulipofika ulipimwa, ukakaguliwa, ukajadiliwa, mwingine ukarudishwa kwa kuwa haufai, ndipo msafara ukaruhusiwa kuendelea. Sinema ni mzigo wa pili.