Taa za barabarani zinamhesabu nani?

Nimepotea humu kwa majuma mawili, mnisamehe. Nilikuwa na mgeni. Bibi yangu mzaa mama alikuja Dar kutibiwa goti, na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Siku ya tatu tulishuka kwenye daladala, tukasimama kwenye mataa kusubiri zamu yetu. Ikawaka taa ya kijani yenye picha ya mtu anayetembea, na chini yake sekunde zikaanza kupungua: 15, 14, 13... Tukaingia barabarani. Zilipofika sifuri, Bibi alikuwa bado ana njia nzima ya magari mbele yake, na bodaboda walishaanza kunguruma. Nikainua mkono kama trafiki, tukamaliza kuvuka katikati ya honi na matusi. Tulipofika ng'ambo akavuta pumzi, akaniuliza kwa ule utani wetu wa siku zote: "Mume wangu, hii taa wamemwekea nani?"

Nilicheka, lakini swali lilinikaa kichwani. Usiku nikaanza kusoma historia ya vyombo hivi, na leo nawaletea niliyoyapata.

Taa ya kwanza ya kuongoza magari duniani iliwekwa London mwezi Desemba 1868, nje ya Bunge la Uingereza. Aliyeibuni ni J. P. Knight, mhandisi wa reli. Mchana ilikuwa na mikono ya kupanda na kushuka kama ya reli, usiku ikawaka taa nyekundu na kijani kwa gesi. Enzi hizo hata motokaa hazijaingia barabarani. Taa ile ilikusudiwa kusimamisha magari ya farasi ili wabunge na watembea kwa miguu wavuke salama! Haikudumu. Januari 1869 gesi ilivuja, ikalipuka na kumjeruhi polisi aliyekuwa akiiendesha, na mradi ukafa.

Taa ziliporudi, magari yalikuwa yameshika hatamu. Mwaka 1914 mji wa Cleveland, Marekani, ulifunga taa za umeme. Mwaka 1928 huko Baltimore, mvumbuzi Charles Adler alifunga taa yenye masikio: dereva akifika anapiga honi, maikrofoni iliyo kwenye nguzo inasikia, taa inabadilika. Mwaka uliofuata ndipo Adler akamletea mtembea kwa miguu kitufe cha kubonyeza. Kwa hiyo taa "yenye akili" si jambo la juzi. Ina karibu miaka mia moja, na tangu mwanzo ilimsikia mwenye honi kwanza.

Baadaye ukaja waya wa kufukiwa chini ya lami. Gari likipita juu yake, chuma chake kinavuruga mkondo wa umeme, na kompyuta inajua kuna gari. Katika miaka ya 1970, Sydney kule Australia na Glasgow kule Uskoti zikajaribu mifumo ya kompyuta iliyopanga muda wa taa kwa kufuata wingi wa magari. Ni kazi kubwa ya kihandisi, na foleni zilipungua. Lakini hebu fikiri: waya ule unatafuta chuma. Mwenye baiskeli asipokanyaga mahali penyewe hasa, anaweza kusubiri hadi achoke. Na Bibi yangu, mwenye kanga na fimbo ya mti, kwa waya ule hayupo duniani.

Kitufe je? Mwaka 2004 gazeti la New York Times liliandika kwamba kati ya vitufe 3,250 vya kuvukia jijini New York, zaidi ya 2,500 vilikuwa vimezimwa siku nyingi, tangu kompyuta zilipoanza kupanga muda wa taa. Watu waliendelea kuvibonyeza na kusubiri kwa imani.

Tuje kwenye zile sekunde za Bibi. Kwa miaka mingi, wahandisi wa nchi nyingi wamepiga hesabu kwamba mtu huvuka kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 18 inapewa sekunde 15, basi. Lakini utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2012 ulionyesha kuwa wastani wa wanaume wenye miaka 65 na zaidi ni mita 0.9, na wanawake 0.8. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo wa 0.8 mita zile 18 zinataka sekunde 22 na nusu. Bibi hakuwa mzembe. Alipunjwa sekunde saba na nusu.

Kuna siku kupunjwa huko kunaua. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, gari la Uber lililokuwa kwenye majaribio ya kujiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka huku akikokota baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walieleza mwaka uliofuata kwamba mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Ilimwona! Ila ilibabaika: mara ni gari, mara ni kitu kingine, mara ni baiskeli. Programu yake haikutengenezwa kufikiria kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na zebra. Na binadamu aliyekaa ndani kuisimamia hakuwa akitazama barabara.

Sasa msije mkasema nimekuwa adui wa maendeleo. Hapana. Mashine ikiambiwa imhesabu mtembea kwa miguu, inamhesabu. Mwaka 2014 London ilitangaza majaribio ya kamera zinazohesabu watu wanaosubiri kuvuka. Wakiwa wengi, taa yao inakaa zaidi. Copenhagen walipanga taa za barabara ya Nørrebrogade zimfuate mwenye baiskeli: akienda kilomita 20 kwa saa anakuta kijani mfululizo.

Na lipo la zamani zaidi. Mwaka 1923 watu zaidi ya 42,000 wa Cincinnati, Marekani, walitia saini ombi kwamba kila gari lifungwe kifaa cha kulizuia lisizidi maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40. Walikuwa wamechoka kuzika watoto. Wauza magari wakafanya kampeni kali, na kura ikapotea. Kenya ilivifunga vidhibiti mwendo kwenye matatu mwaka 2004, kwa zile kanuni za Waziri Michuki. Umoja wa Ulaya umelazimisha magari yote mapya kuwa na kifaa cha kumkumbusha dereva kikomo cha mwendo kuanzia Julai 2024. Miaka 101 baada ya Cincinnati! Tena hicho cha Ulaya dereva anaweza kukipuuza.

Kwa nini nayaleta haya kwetu? Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Miji yetu ndiyo kwanza inanunua kamera na kompyuta za taa. Zinakuja na hesabu zilizokwishapigwa kwingine, na zikishafungwa ni vigumu kuzibadili.

Hapa nikiri kosa langu. Nimeshaandika habari za uzinduzi wa mitambo ya namna hii. Kila mara niliuliza foleni itapungua kwa dakika ngapi, nikaandika jibu, nikarudi ofisini. Sikuwahi kuuliza ni sekunde ngapi za kuvuka, wala zimepimwa kwa miguu ya nani. Safari ijayo hilo ndilo litakuwa swali langu la kwanza, hata kama mhariri atalikata.

Bibi amerudi Morogoro, goti linaendelea vizuri. Jana alinipigia simu. Baada ya salamu akaniuliza kama nimeshampata mwenye ile taa. Nikamwambia bado namtafuta.