Karatasi ya Mechi: Historia ya Ubishi wa Baske Ibanda

Ukitaka watu wazima wa Ibanda, hapa Bukavu, wapandishe sauti bila siasa kutajwa, waulize nani mchezaji bora wa baske tangu mchezo huo uanze. Kinyozi wa Nyawera ataacha kichwa cha mteja kikiwa nusu. Dereva wa teksi pale Place de l'Indépendance atasahau abiria. Nao wazee wanaosubiri sambaza za kukaanga na chupa ya Primus watakuambia ukae kwanza, maana jibu ni refu.

Mimi ubishi huo nimeusikilizia mahali ambapo hairuhusiwi kubisha: mezani. Kwa miaka mingi nimeandika karatasi za mechi za vijana na za wakubwa katika viwanja vya Ibanda. Ninaandika namba ya jezi, pointi na makosa, mwamuzi anatia saini, basi. Washabiki wakinijia baada ya firimbi, "Mama, uliona ile kontre? Mbona huiandiki?" ninawajibu kwamba karatasi yetu haina mahali pa kontre. Mtu anaweza kuuzima mpira hewani usiku kucha, kesho yake karatasi ikaonyesha pointi mbili na makosa manne. Jambo hilo ndilo lililonifundisha kuwasikiliza wabishi kwa sikio jingine. Huwa wanabishana juu ya kilichoandikwa, na kisichoandikwa kinakufa pamoja na walioona.

Baske kwetu ulikuwa mchezo wa shule kabla haujawa mchezo wa mtaa. Sababu ni ardhi yenyewe. Bukavu ni mji wa vilima na rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu. Mahali tambarare ni mali, na penye tambarare watu hujenga. Mpira wa miguu unaweza kuchezwa hata kwenye mteremko, mawe mawili yakawa goli. Baske unadai saruji, mbao mbili na pete mbili za chuma zilizo sawa. Wenye nafasi na saruji walikuwa mapadri, masista na shule za serikali. Majesuiti walifungua chuo chao hapa mwaka 1938, mji ukiitwa bado Costermansville, wakakiita Notre-Dame de la Victoire. Enzi za Mobutu, majina ya Kizungu yalipofutwa, kikawa Alfajiri. Huko Kinshasa chuo kingine cha Majesuiti, Albert, kikaitwa Boboto.

Nawataja Boboto kwa sababu ubishi wetu unapita kwao. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, alisoma Boboto. Alianza baske akiwa kijana mkubwa tayari, baada ya kuchezea mpira wa miguu golini. Mwaka 1987 alikwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo akitaka kuwa daktari, akaingia Georgetown, chuo kikuu ambacho nacho ni cha Majesuiti, na huko kocha John Thompson akamtia uwanjani. Ndiyo maana wazee waliosoma Alfajiri humzungumzia kama mtoto wa nyumba moja. Wengine tuliosoma kwa masista huwa tunawaacha wajisifu.

Walipokuwa vijana wazee hao, bora wao alikuwa Kareem Abdul-Jabbar, na wengi wao hawakuwahi kumwona akicheza mechi nzima. Walimsoma katika magazeti ya Kifaransa yaliyofika yamechakaa, wakamwona katika vipande vya habari kwenye televisheni ya taifa. Imani yao ilijengwa na picha zisizotembea. Kisha zikaja kaseti za VHS, nyingi kutoka Ubelgiji, zikiletwa na ndugu aliyerudi likizo. Kaseti moja ilizunguka kutoka Nguba hadi Muhumba, ikaazimwa, ikagombewa, ikakatika. Ndani yake alikuwamo Michael Jordan. Mwaka 1992 Marekani ilipowafunga ndugu zetu wa Angola 116 kwa 48 kwenye Olimpiki ya Barcelona, kizazi kizima cha Ibanda kilihamia kwa Jordan, hata walioumia kwa ajili ya Angola.

Mutombo alikuwa ameingia NBA, ligi ya Marekani, mwaka mmoja kabla. Denver Nuggets walimchagua wa nne mwaka 1991, na msimu wake wa kwanza tu akaitwa kwenye mechi ya All-Star. Hapo ndipo ubishi wa Ibanda ulipopata sura yake ya Kikongo: je, yule anayefunga ni mkubwa kuliko yule anayekataza? Wafuasi wa Jordan wana ushahidi wao wanaoupenda. Novemba 1991, Jordan alimwambia Mutombo atapiga mtupo wa adhabu amefumba macho, akafumba, akaingiza, akamkaribisha kwenye NBA. Mwaka 1997, katika mechi za mtoano dhidi ya Atlanta, akaubamiza mpira mbele ya Mutombo, kisha akamtikisia kidole, kidole kilekile ambacho Mutombo alikuwa akiwatikisia wote aliowazima.

Wafuasi wa Mutombo hujibu kwa tarehe moja: 7 Mei 1994. Siku hiyo Denver, timu ya nane upande wa Magharibi, iliing'oa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Haikuwahi kutokea kabla. Katika mechi tano zile Mutombo alizima mipira 31, na mwisho akalala sakafuni ameukumbatia mpira, anacheka kama mtoto. Mimi tarehe hiyo siwezi kuisema bila kukumbuka kilichokuwa kikitokea ng'ambo ya mto Ruzizi. Mwezi huo huo Rwanda watu walikuwa wakiuawa, na Julai wakimbizi wakajaa Bukavu. Walilala barabarani na katika viwanja vya shule, Alfajiri ikawa kambi. Kwenye saruji tulikochezea palipikwa, palizaliwa, palifiwa. Waliokuwa na kaseti ya Mutombo sakafuni waliitazama miezi mingi baadaye, umeme ulipokubali.

Turudi mezani. Mutombo alimaliza kazi yake mwaka 2009 akiwa na kontre 3,289. Aliye mbele yake ni mmoja tu, Hakeem Olajuwon wa Lagos, mwenye 3,830. Mara nne, mwaka 1995, 1997, 1998 na 2001, Mutombo alitajwa mlinzi bora wa ligi. Vijana huzisoma namba hizo kama maandiko matakatifu. Lakini NBA ilianza kuhesabu kontre katika msimu wa 1973-74. Bill Russell aliacha kucheza mwaka 1969, Wilt Chamberlain mwaka 1973. Kontre zao zote, na walioziona wanasema zilikuwa nyingi mno, hazimo katika hesabu. Na zile pointi 100 za Wilt, tarehe 2 Machi 1962, hazina picha ya video inayojulikana. Tunaziamini kwa sababu kuna mtu aliyekaa mezani akaandika. Kwa hiyo mtu akinibana nimtaje bora wa dunia, ninamtaja Russell: vikombe 11 katika misimu 13, na kazi yake kubwa haikuandikwa. Wananicheka. Nawaacha.

Mjini kwetu, hata hivyo, kisichoandikwa si kontre peke yake. Tangu nianze kusikiliza ubishi huu, jina la mwanamke hutajwa pale tu mimi ninapolitaja. Ajabu ni kwamba hapa karatasi ipo, imejaa na imetiwa saini. Timu ya wanaume ya Kongo, kwa jina lolote ambalo nchi imewahi kuitwa, haijatwaa ubingwa wa Afrika hata mara moja. Wanawake wa Zaire waliutwaa mwaka 1983, wakautwaa tena 1986 na 1994. Wanaume hawajawahi kucheza baske katika Olimpiki. Wanawake walikwenda Atlanta mwaka 1996. Walipoteza mechi zote, ni kweli, na nchi iliyowatuma ilikuwa imeishiwa hata fedha za kuwavisha. Mutombo, aliyekuwa akicheza Marekani, ndiye aliyewalipia jezi na gharama nyingine kutoka mfukoni mwake. Kabla mwaka haujaisha, vita vilikuwa vimeingia Bukavu. Mwishoni mwa Oktoba 1996 mji ulianguka, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, akauawa hapa Ibanda. Nani angekumbuka matokeo ya Atlanta?

Katika timu ile alikuwamo msichana wa Kinshasa, Mwadi Mabika, aliyezaliwa tarehe 27 Julai 1976, ambaye alitimiza miaka 20 michezo ya Atlanta ikiendelea. Mwaka uliofuata, ligi ya wanawake ya Marekani, WNBA, ilipocheza msimu wake wa kwanza, yeye alikuwa Los Angeles Sparks. Alibaki hapo hadi 2007. Alikuwa na mkono wa mbali, alikuwa na ulinzi, na alicheza pembeni ya Lisa Leslie bila kufunikwa naye. Aliitwa kwenye mechi ya All-Star mwaka 2000 na 2002. Mwaka 2001 Sparks wakawa mabingwa, mwaka 2002 wakawa mabingwa tena. Mutombo alifika fainali mara mbili, na Philadelphia mwaka 2001 na New Jersey mwaka 2003, akapoteza zote mbili. Hesabu hiyo nimeiweka mbele ya wanaume wengi. Jibu lao halibadiliki: "Mama, tunazungumzia baske." Kana kwamba Mabika alikuwa anacheza karata.

Kizazi cha simu nacho kimekuja na madai yake. Hakihitaji kaseti. LeBron James alipoipita rekodi ya Kareem ya pointi 38,387, tarehe 7 Februari 2023, vijana wa Ndendere waliona kabla sisi hatujaamka. Wana Wakongo wao pia. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alivuta rebaundi 26 katika mechi moja ya mtoano akiwa Toronto, mwaka 2016. Jonathan Kuminga amezaliwa Goma, upande wa pili wa ziwa letu, na mwaka 2022 akawa bingwa na Golden State; kwa vijana wa hapa huyo ni mtoto wa Kivu, hawataki kusikia kingine. Biyombo mwaka 2011, Emmanuel Mudiay wa Kinshasa mwaka 2015 na Kuminga mwaka 2021, wote watatu walichaguliwa wakiwa wa saba, na kuna kijana anayeapa kwamba saba ni namba ya Kongo. Mzee mmoja huwakumbusha kwamba D.J. Mbenga wa Kinshasa alivaa pete mbili na Lakers, 2009 na 2010. Hapo wote hukumbuka kwamba Mbenga alikaa sana kwenye benchi, na ubishi unaanza upya: pete ya benchi inahesabiwa? Mimi nasema inahesabiwa kwa timu.

Mutombo alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58, Ibanda ilibishana kwa sauti ya chini kwa siku chache. Wengi hawakutaja kontre. Walitaja hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ambayo aliitolea zaidi ya dola milioni 15 zake na ambayo imepokea wagonjwa tangu 2007. Katika mji wenye Hospitali ya Panzi, hatuhitaji kuelezwa hospitali ni nini. Mzee mmoja alisema mbele yangu kwamba ubishi umekwisha, aliyejenga hospitali ndiye bora. Nilimjibu kwa heshima: "Papa, huyo ni mtu mkubwa, pengine mkubwa kuliko wote hawa. Lakini ukiniuliza swali la baske, nitakujibu kwa baske." Kumpa Mutombo taji la uwanjani kwa sababu ya hospitali ni kumpunguzia mara mbili: hospitali inageuka pointi, na kontre zake zinageuka sadaka. Kila moja inasimama yenyewe.

Basi hukumu yangu ni hii. Mlinzi bora aliyetoka Kongo ni Mutombo, na hakuna wa pili wa karibu. Mchezaji bora aliyetoka Kongo, kwa vikombe alivyovishinda akiwa uwanjani na si kwenye benchi, kwa miaka aliyodumu na kwa kuivaa jezi ya taifa kwenye Olimpiki, ni Mwadi Mabika. Anayepinga ana haki ya kupinga, ila alete namba, asilete kelele.

Na kwa wale wanaoendesha mashindano ya vijana hapa mjini nina ombi moja. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, fedha ni adimu na mengi yamesimama, lakini kalamu na karatasi si ghali. Ongezeni safu ya kontre na safu ya rebaundi, na mechi za wasichana ziandikwe kwa ukamilifu uleule wa mechi za wavulana. Karatasi zihifadhiwe mahali pakavu, mbali na mikono ya wauza karanga. Watoto wetu watabishana tu; tusiwaachie tena wabishane bila ushahidi.