Jina Lililotangulia Misioni: Imana na Injili Katika Nchi ya Ngara na Biharamulo

Katika kuadhimisha jubilei ni desturi yetu kuzihesabu baraka kwa kuanzia siku walipofika wajumbe wa kwanza wa Injili. Twajua ya kuwa Mapadre Weupe walifika Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na Muyaga katika Urundi mwaka 1898. Ya kuwa Waanglikana walianza kazi yao Murgwanza katika miaka ya 1930. Na ya kuwa Dayosisi ya Kagera ilizaliwa mwaka 1985, makao yake yakiwa hapo hapo Murgwanza. Habari hizo zina wasimulizi wake. Sisi twataka kusema juu ya jambo la kale kuliko nyumba zote za ibada zilizojengwa katika nchi hii, nalo ni hili: watu wa Bugufi, wa Rusubi na wa Uzinza walimjua nani kabla ya kuhubiriwa? Wazee huuliza hivyo katika madarasa ya ubatizo, na mara nyingi zaidi huuliza penye matanga, maana ndani ya swali hilo limo swali jingine lenye uchungu: baba zetu waliokufa bila kuisikia Injili wako wapi?

Na tuanze na jina lenyewe. Wahangaza wa Bugufi, ambao lugha yao ni ndugu ya Kirundi, humwita Mungu Imana. Jina hili halikuletwa na mmisionari ye yote. Lilikuwako Urundi, Rwanda na Bugufi kabla mipaka ya sasa haijachorwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, Bugufi ikabaki upande wa Tanganyika na jamaa zao wakabaki upande wa Wabelgiji. Ushahidi wa wazi ni majina ya watoto. Mama alimwita mwanawe Habimana, maana yake Imana yuko. Au Bizimana, Imana ndiye ajuaye. Au Hakizimana, mwenye kuponya ni Imana. Au Nzeyimana, namtumaini Imana. Ukiyaweka majina hayo pamoja umekwisha kupata mafundisho yasiyo machache juu ya Mungu: kuwako kwake, kujua kwake, kuokoa kwake, na tumaini la mwanadamu kwake. Nayo yalinenwa na akina mama penye kitanda cha uzazi, wala hakuna mwalimu aliyewafundisha kwa kitabu.

Rosemary Guillebaud, mmisionari wa Kianglikana katika Urundi, aliyaandika mambo ya namna hii katika kitabu cha maoni ya Waafrika juu ya Mungu kilichotolewa na Edwin Smith mwaka 1950. Katika nchi hizo ilisimuliwa desturi ya mwanamke kuacha maji kidogo chomboni usiku, ili Imana apate maji ya kumfinyangia mtoto tumboni, kama mfinyanzi afinyangavyo udongo. Msomaji wa Biblia hawezi kulisikia jambo hilo bila kumkumbuka nabii Yeremia nyumbani kwa mfinyanzi. Wahaya, majirani zetu wa kaskazini, wamwita Muumba kwa jina la Ruhanga, na jina hilo latokana na neno la kuumba.

Walakini tusiwapambe babu zetu kwa sifa wasizozidai wenyewe. Imana alitajwa kila siku, lakini hakujengewa hekalu, wala hakuchinjiwa mnyama, wala hakuwekewa kuhani. Alihesabiwa kuwa mwema asiyehitaji kutulizwa. Waliohitaji kutulizwa ni wengine: roho za wafu, na zile roho kuu za ibada ya kubandwa. Katika Urundi mkuu wao aliitwa Kiranga, katika Rwanda Ryangombe. Na upande wa Biharamulo, kwa Wazinza, watu walishika ibada ya Bachwezi. Mtu aliingizwa katika chama hicho kwa siri, akapewa jina jipya, akakatazwa kuwaambia wengine aliyoyaona. Wengine walisema Kiranga husimama kati ya watu na Imana. Hapo ndipo wahubiri wa kwanza walipokuta mlango na ukuta mahali pamoja: mlango, kwa kuwa watu walikwisha kujua ya kuwa mwanadamu ahitaji mpatanishi, ukuta, kwa kuwa kiti cha mpatanishi kilikuwa na mwenyewe.

Sasa, mhubiri afanye nini na jina la Imana? Leo jambo hili laonekana dogo, lakini siku zile liliwatenga Wakristo wao kwa wao. Katika Rwanda Mapadre Weupe kwa miaka mingi walitumia neno la Kiswahili, Mungu. Waliogopa jina la Imana kwa sababu wapiga ramli nao walilitumia: kuku au kitu kingine cha kupigia ramli kilichotoa jibu jema kiliitwa imana. Waliona afadhali neno geni lililo safi kuliko neno la nyumbani lenye mavumbi. Waprotestanti waliamua vingine, na Agano Jipya la Kinyarwanda lililotoka mwaka 1931, kazi ya Harold Guillebaud na wenzake, lilimwita Mungu kwa jina la Imana. Baadaye Wakatoliki nao wakalipokea. Kwa maoni yetu waliolichagua tangu mwanzo waliona sawa, kwa maana mtu aliyeambiwa habari za Mungu kwa jina geni aweza kudhani ni mungu wa wageni. Bali akiambiwa habari za Imana, hana pa kukimbilia. Hata hivyo hofu ya mapadre haikuwa upuzi. Neno likichukuliwa, huchukuliwa pamoja na mizigo yake.

Tena lile neno Mungu, lililodhaniwa kuwa safi, lilikuwa na safari yake. Ni neno la Kibantu, ndugu wa Mulungu wa makabila mengi ya mashariki. Waislamu wa pwani walilitumia kumtaja Mwenyezi kwa karne nyingi kabla ya kuja misioni. Johann Ludwig Krapf alipoanza kazi Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere, aliyekuwa askofu wa Zanzibar tangu 1874 hata 1882, walilikuta vinywani mwa Waislamu wakalipokea. Wala halikuja peke yake. Imani, sala, ibada, dhambi, rehema, malaika, nabii, roho, hata neno Injili lenyewe, yote hayo yaliingia Kiswahili kutoka Kiarabu, na mengi yalikuwa yakisemwa misikitini kabla hayajasemwa makanisani. Mkristo wa Biharamulo apigaye magoti na kuungama dhambi zake kwa Kiswahili, akiomba rehema, anaomba kwa maneno aliyoandaliwa na Waislamu. Twalisema hili bila haya, kwa kuwa ni kweli.

Na katika nchi hii hasa, Uislamu ulitutangulia njiani. Mwaka 1861 Speke alipita katika Usui, ndiyo Rusubi, akamlipa hongo nzito mfalme ambaye yeye amwandika kwa jina la Suwarora. Njia aliyoifuata ilikuwa njia ya wafanya biashara wa pembe kutoka Tabora kwenda Karagwe. Hao hawakuja kuhubiri, walakini watu waliwaona wakitawadha, wakielekea upande mmoja, wakiinama. Yamkini kabisa sala ya kwanza ya dini ya kitabu iliyoonekana katika nchi hii ni sala ya Kiislamu. Nao wajumbe wa Kristo, wengine wao, walijibu kwa heshima ya kusoma. Padre Godfrey Dale wa misioni ya Zanzibar alitafsiri Kurani yote kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1923. Waislamu wenyewe walitoa tafsiri zao baadaye, ya Waahmadia mwaka 1953 na ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy mwaka 1969. Dale aliandika kama mtu wa hoja, na maelezo yake yaliwaudhi wengi. Lakini mtu hatafsiri kitabu kizima cha jirani yake ikiwa hajamwona kuwa ni mtu wa kusikilizwa.

Wanatheolojia wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya jambo hili hili. Mwezi wa Desemba 1938 wajumbe wa misioni walikutana Tambaram, karibu na Madras katika India, na Mholanzi Hendrik Kraemer akawawekea kitabu kinenacho ya kuwa ufunuo wa Mungu katika Kristo hauwezi kuhesabiwa kama tunda la juu kabisa la mti wa dini zote. Wasimama peke yake, nao wazihukumu dini zote. Wengine walimpinga, wakishika njia ya Justino mfia dini wa karne ya pili, aliyefundisha ya kuwa mbegu za Neno zilitawanywa hata kwa wale wasiomjua Kristo kwa jina. Mtume Paulo naye, penye madhabahu ya Waathene, alianza na kile walichokuwa nacho. Baadaye, tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko lisilokataa lo lote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Na kwa upande wa Waanglikana John Taylor, aliyetumika miaka mingi Uganda, alikwisha kuandika mwaka 1963 ya kuwa mmisionari aingiapo kwa Waafrika na avue viatu, maana Mungu alikuwako kabla yake.

Huku kwetu mabishano hayo hayakuamuliwa kwa vitabu. Yaliamuliwa na Uamsho. Moto ule uliwaka Gahini katika Rwanda, ukafika Katoke na Bugufi katika miaka ya mwisho ya 1930 na iliyofuata. Waliookoka hawakuwa na subira na kubandwa, wala na hirizi, wala na ramli. Waliziungama mbele ya watu kama walivyoungama wizi na uzinzi. Kraemer angalifurahi. Lakini angalia ajabu yake: watu hao hao waliokataa njia zote za mababu walimlilia Imana kwa jina la mababu, wala hakuna aliyeona ugumu. Waliona ya kuwa mwenye jina amekuja karibu. Yule mwema asiyekaribiwa, ambaye zamani ilimbidi mtu ampitie Kiranga, sasa aliitwa Baba, na mpatanishi wake alikuwa na majeraha. Ukituuliza ni nini hasa Injili iliongeza katika nchi hii, twajibu hivyo.

Basi yalikuja mambo ya mwaka 1994, ambayo mtu wa Ngara hawezi kuandika juu ya dini akayaruka. Katika Rwanda, nchi ambayo watu wake walisema kwa mithali ya kwamba Imana hushinda kwingine lakini hurudi kwao kulala, Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, na wengi wa wauaji walikuwa watu waliobatizwa. Nyarubuye, ng'ambo ya mpaka, maelfu waliuawa penye kanisa walikokuwa wamekimbilia. Mto Kagera ulichukua maiti mpaka Ziwa Viktoria. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa katika nchi yetu. Kati yao walikuwamo wenye hatia na wasio na hatia, wakila mgao mmoja.

Nini lilisaidia jina la Imana siku ile? Majina ya Habimana na Hakizimana yaliitwa na waliokufa na walioua. Kubishana kama jina ni Imana au Mungu kulionekana kuwa jambo la watoto. Na liko jambo jingine lisilotajwa sana katika vitabu vya jubilei: Waislamu wa Rwanda, waliokuwa wachache na wasiohesabiwa sana, walisifiwa baadaye kwa kuwa wengi wao waliwaficha waliokuwa wakitafutwa. Kwa habari hiyo mwanatheolojia Mkristo hana budi kunyamaza kwanza. Anayesema ya kuwa nje ya kuta zetu hakuna tendo la neema na atueleze milango ile iliyofunguliwa usiku. Sisi twakiri ya kuwa Kristo ndiye Mwokozi, nasi hatulipunguzi neno hilo. Lakini hatujapewa mamlaka ya kumwekea mpaka.

Twarudi kwa wazee na swali lao. Wahubiri wa zamani, si wote lakini wengi, walijibu kwa ukali ya kuwa mababu wamepotea, na mioyo mingi ilijeruhiwa. Wako waliokataa ubatizo wakisema afadhali kulala walikolala baba zao. Jibu hilo lilikwenda mbali kuliko Maandiko. Imani ya Mitume inakiri ya kuwa Kristo alishuka mpaka kwa wafu, na makanisa makubwa leo yafundisha kwamba asiyeisikia Injili bila kosa lake, akatii mwanga aliopewa, haesabiwi kuwa nje ya rehema. Mwanga uliopewa Bugufi twaujua kwa sehemu. Ulikuwa katika majina.

Na majina hayo hayakufutwa. Mtoto alipobatizwa aliitwa Petro au Maria, na mama yake akaendelea kumwita Bizimana. Watu wengi wa Ngara huandika yote mawili hata leo, la ubatizo mbele na la nyumbani nyuma yake.