Kutoka kwa Bwana Msa hadi kwa Rehema

Mwaka 1960 kilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, akawa kipenzi cha wasomaji. Wapo walioziita hadithi hizo za kupitishia wakati. Kumbe zilikuwa chuo: zilimzoesha msomaji kutoliamini neno la kwanza aambiwalo. Mwaka 1976 Mzanzibari mwingine, Mohamed Suleiman Mohamed, alipotoa Nyota ya Rehema, swali la nani kaua liligeuka: nani kamdhulumu Rehema, na dhuluma yenyewe yazaliwa wapi? Humo hamna Bwana Msa wa kujibu. Ni juu ya msomaji.

Njia hiyo si ya visiwani pekee. Hata kijana wa Mpanda, inakokomea reli itokayo Kaliua, asikemewe akishika kitabu cha upelelezi. Apewe na cha pili.