Remoki Inayoshuka Bugarama

Vijana wanaotaka pikapu ya kuvutia magari huanza kuniuliza injini: ni 3L au 5L, ina tabo au haina? Mimi huwauliza breki. Bujumbura imekaa kando ya ziwa, kiasi cha mita 780 kutoka usawa wa bahari. Bugarama, inakopita barabara ya kwenda Kayanza hadi Rwanda, iko zaidi ya mita 2,000, na mwendo wa huku hadi kule haufiki kilomita 40. Anayepata pane, yaani kuharibikiwa, mlimani anataka gari lake lishushwe hadi garaji za Buyenzi. Hilux yoyote nzima italivuta. Kulizuia ndiko kwenye kazi, na historia ya ufundi huu hapa mjini ni historia ya breki.

Zamani magari yenyewe yalikuja kwa maji. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, Wabelgiji waliotwaa Ruanda-Urundi wakapatana na Waingereza kwa mkataba wa 15 Machi 1921: walipewa maeneo yao Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Bure, kwa kifupi. Gari lilishushwa melini Dar, likapandishwa behewa hadi Kigoma, likavushwa ziwa, likatua Usumbura, maana ndivyo mji ulivyoitwa hadi uhuru wa 1962. Babu yangu alikuwa kuli pale bandarini. Waswahili wa Buyenzi, wengi wao wenye asili ya Ujiji na Umanyema, walikuwa miongoni mwa madereva na mafundi wa mwanzo mjini, na mpaka leo ukitaka piyesi, yaani vipuri, unakuja kwenye avenyu zetu zenye namba.

Kuvuta tulianza kwa kamba. Kamba hulegea mnaposhuka, na gari la nyuma linakuja kukupiga mgongoni. Ikaja baa, bomba nene la chuma lenye pete pande mbili, nayo bado ilihitaji mtu aketi ndani ya gari bovu ashike usukani. Injini ikizimika, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Kanyagio linakuwa gumu, usukani mzito. Mtu huyo siku zote alikuwa mwanafunzi wa garaji. Niliketi hapo nikiwa kijana, na Mzee wangu wa kazi hakugeuka hata mara moja kunitazama.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993 viliongeza ukali. Magari yalipanda kwa msafara wenye askari, na msafara haumngoji anayefungua kabureta: usipovutwa, unaliacha gari na vilivyomo. Kisha Julai 1996 Meja Buyoya akatwaa madaraka kwa mapinduzi, nchi jirani zikatuwekea vikwazo vilivyodumu hadi Januari 1999. Piyesi zikaadimika. Remoki ya kwanza niliyoishika, yaani trela ya kubebea gari, ilizaliwa katika dhiki hiyo, imeungwa kwa ekseli za Peugeot 504 mbili zilizokwisha kuchinjwa. Haikuwa na breki. Mzee aliitumia kwenye tambarare tu, kutoka bandarini hadi Buyenzi. Akitajiwa Bugarama, alicheka.

Pikapu ninayoiandaa leo naanza nayo chini. Ndoano haifungwi kwenye bampa, inafungwa kwa bolti kwenye mihimili yote miwili ya chasisi, na bamba la chuma ndani ili mhimili usipasuke. Nyuma naongeza jani moja la springi, si matatu kama wengine, maana pikapu isiyo na mzigo itarukaruka na kukosa kushika barabara. Minyororo miwili inapishana chini ya ndoano. Gari dogo kama Probox lina uzito wa tani moja na ushee, na remoki nayo ina wake. Mzigo ukae mbele kidogo ya ekseli, kiasi cha sehemu moja ya kumi ikandamize ndoano. Ukiurudisha nyuma, remoki itatingisha mkia, na ikianza hivyo mlimani hakuna usukani utakaoituliza.

Breki za remoki nyingi hushika pikapu inapopunguza mwendo na remoki kuisukuma. Zina akili, ila kwenye mteremko mrefu zinasukumwa bila kupumzika hadi zinanuka. Kwa hiyo gia ya pili tangu juu, na kusimama zipoe. Halafu kuna vioo. Sisi tunaendesha kulia, na magari mengi ya Japani usukani wake uko kulia vilevile. Dereva anatazama mtaro. Kioo cha kushoto lazima kitoke nje sana, la sivyo hatawaona wale vijana wa baiskeli wanaoshuka na ndizi kwa kasi inayoshinda ya magari.

Miaka hii ya uhaba wa mafuta remoki imepata kazi ambayo Mzee hakuijua: kubeba magari mazima yaliyokaukiwa njiani. Wenye magari hayo hutaka niwapunguzie bei, kwa sababu gari lao halina ubovu. Nawaambia uzito ni uleule, na mafuta ya pikapu yangu niliyangojea kwenye foleni ambayo wao waliichoka.