Mousehole

Mousehole (hutamkwa takriban "Mauzol"; kwa Kikornishi: Porthenys, yaani "bandari ya kisiwa") ni kijiji na bandari ndogo ya wavuvi katika Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Kiko kando ya Hori ya Mount, takriban kilomita 4 kusini mwa mji wa Penzance. Jina la Kikornishi linatokana na kisiwa kidogo cha mawe cha St Clement kilichopo mbele ya bandari.

Bandari
Bandari imezungukwa na kuta mbili za mawe zilizoacha mlango mwembamba. Wakati wa majira ya baridi mlango huo hufungwa kwa magogo ili mawimbi ya dhoruba yasiingie.

Historia
Tarehe 23 Julai 1595 askari Wahispania waliofika kwa merikebu 4 za makasia, wakiongozwa na Carlos de Amésquita, walikiteketeza kijiji pamoja na Newlyn, Penzance na kanisa la Paul. Kati ya nyumba kubwa za Mousehole ni ile ya ukoo wa Keigwin tu iliyosalia. Mwenyewe, Jenkyn Keigwin, aliuawa akiitetea. Nyumba hiyo ipo hadi leo.

Mkazi mashuhuri zaidi ni Dolly Pentreath, mchuuzi wa samaki aliyefariki mwaka 1777. Mara nyingi hutajwa kuwa mtu wa mwisho aliyekua akizungumza Kikornishi kama lugha ya mama, ingawa wataalamu hawakubaliani. Jiwe la kumbukumbu yake liliwekwa kwenye uwanja wa kanisa la Paul mwaka 1860. Lugha yenyewe ilifufuliwa katika karne ya 20.

Uvuvi
Kwa karne nyingi wakazi walitegemea sadini. Samaki hao walitiwa chumvi, wakakandamizwa ndani ya mapipa hadi mafuta yakatoka, kisha wakauzwa hasa Italia. Mafuta yalitumika kwenye taa. Biashara hiyo ilipungua katika karne ya 20, na leo wavuvi wengi wa eneo hilo hutumia bandari kubwa ya Newlyn.

Kila tarehe 23 Desemba wanakijiji humkumbuka Tom Bawcock, mvuvi ambaye kwa mujibu wa masimulizi alikwenda baharini wakati wa dhoruba akaokoa kijiji na njaa. Siku hiyo hupikwa pai ya samaki ambao vichwa vyao huchomoza juu ya unga.

Ajali ya Penlee
Usiku wa tarehe 19 Desemba 1981 meli ya mizigo Union Star, iliyokuwa katika safari yake ya kwanza, iliharibikiwa na injini ikasukumwa na dhoruba kuelekea majabali. Helikopta ilishindwa kuwaokoa waliomo. Mashua ya uokoaji Solomon Browne ilishushwa ikiwa na watu 8 wa kujitolea kutoka kijijini chini ya Trevelyan Richards, aliyekataa kuchukua watu wawili wa familia moja. Walitoa taarifa kwa redio kwamba wamewapata watu 4, kisha mawasiliano yakakatika. Watu wote 16 wa vyombo hivyo viwili walikufa. Kabla siku haijapita, wanakijiji wa kutosha walikuwa wamejitolea kuunda kikosi kipya.

Kijiji hujulikana kwa taa za Krismasi bandarini, zilizoanza mwaka 1963. Kila tarehe 19 Desemba taa hizo hupunguzwa kwa saa moja kwa ajili ya marehemu.

Siku hizi
Utalii ndio uchumi mkuu. Nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa nje kwa ajili ya likizo, hivyo bei zimepanda na vijana wazaliwa hupata shida kupata makazi.