Haki za mfanyabiashara au dereva anayeshikiliwa Kigali

Dereva aliyeingia Rwanda kwa Rusumo au Gatuna anaweza kujikuta mbele ya wapelelezi mjini Kigali kwa sababu ya nyaraka zilizoandaliwa na mtu mwingine. Lori likisimama, gharama hupanda kila siku, na hapo ndipo wengi hutia saini karatasi yoyote ili mradi waondoke. Zifuatazo ni haki za kuzifahamu kabla ya safari.

Siku zinavyohesabiwa

Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai namba 027/2019, ya Septemba 19, 2019, inaipa Taasisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB) siku zisizozidi 5 za kumshikilia mshukiwa, na muda huo hauongezwi. Jalada likifika kwa waendesha mashtaka, nao wana siku 5 za kulifikisha mahakamani. Baada ya hapo ni hakimu tu anayeweza kuamuru mtu abaki rumande. Amri ya kwanza ni ya siku 30, na rufaa hukatwa ndani ya siku 5. Kwa hiyo mwajiri au ndugu aandike tarehe na saa ya kukamatwa tangu mwanzo.

Lugha na wakili

Ibara ya 29 ya Katiba inampa mtuhumiwa haki ya kuelezwa kosa lake, kujitetea, kuwa na wakili, na kuhesabiwa hana hatia mpaka mahakama iamue vinginevyo. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini maelezo yanaweza kuandikwa kwa Kinyarwanda. Omba mkalimani, na usitie saini maelezo ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa. Ofisi za msaada wa sheria za Wizara ya Sheria, zijulikanazo kama MAJ, zipo katika wilaya zote 30. Aidha, Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa raia wa kigeni haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe.

Deni si jinai

Kwa mujibu wa ibara hiyo hiyo, mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kibiashara. Hata hivyo, udanganyifu na hundi isiyo na fedha ni makosa ya jinai. Dhima ya jinai nayo ni ya mtu binafsi: dereva habebi kosa la mwenye mzigo. Atunze nakala za nyaraka alizokabidhiwa na namba ya lakiri.

Kukiri forodhani

Kifungu cha 219 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinamruhusu Kamishna kumaliza kosa kwa malipo bila kwenda mahakamani. Sharti ni mhusika akiri kosa kwa maandishi na aombe mwenyewe. Njia hii huokoa muda, lakini uamuzi wake ni wa mwisho. Asiye na kosa asiitumie kwa haraka ya safari.

Dhamana

Mgeni asiye na makazi Kigali huonekana rahisi kutoroka. Wakili apeleke mapema anwani ya kukaa, mdhamini anayefahamika na utayari wa kukabidhi pasipoti.

Mlango wa Arusha

Desemba 1, 2011, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba Rwanda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya kwa kumshikilia Luteni Kanali Severin Rugigana Ngabo kwa miezi kadhaa bila kumfikisha mahakamani. Shauri lilifunguliwa na ndugu yake, Plaxeda Rugumba. Mkazi wa nchi yoyote mwanachama anaweza kufungua shauri huko, ila ndani ya miezi 2 tangu kitendo kilipofanyika au alipokifahamu.